Nusu ya Nguo ya Lefagoy

Juzi tulimzika shangazi yangu Lefagoy kwa nusu ya nguo, na mimi bado nina hasira.

Nguo yenyewe aliifuma mama yake kwa nyuzi za mgomba, akijiwekea ya kuzikiwa. Macho yalikuwa yamemwisha, mstari mweusi wa pembeni ukamponyoka ukakatika. Akacheka: "Basi, nitatambulika huko niendako."

Mama huyo alipofariki, zilikuwa zimebaki siku mbili mitumbwi ipeleke nguo Yap, kisiwa kikubwa kinachotutawala. Visiwa vyetu vidogo vyote hupeleka. Watu wa Yap ni wazazi, sisi ni watoto; ndivyo tulivyokuta. Safari hiyo ilipungua nguo moja. Mjomba Rumal, mkuu wetu, akaja akaiondoa ile ya juu ya maiti.

"Mjomba, hiyo ya mama!" Lefagoy akalia.

"Mfu haoni baridi. Yap wakikasirika watatuletea tufani. Utaizuia wewe?"

Mama yake akazikwa kwa mkeka mkuukuu.

Tufani ilikuja vilevile, mwaka wa nne. Iling'oa magimbi, ikalaza minazi. Tukaenda Yap kuomba chakula, Lefagoy akiwemo. Tuliingia kwa mzee Gilmoon, mpokeaji wa nguo zetu, tumeinama, watoto wazima wenye mvi. Kusema kweli hakuwa mchoyo: alitupa viazi vikuu, manjano na mbao. Kisha akafunua kapu lililojaa nguo zetu, hata moja haijavaliwa.

"Na wewe mwanangu, mbona umenuna? Umefiwa?"

"Na mama, baba."

"Pole. Chukua hii, ukamfunike."

Mstari mweusi ulikuwa umekatika pembeni. Lefagoy akapiga magoti akashukuru, maana mtoto hushukuru.

Tuliporudi, Mjomba aliipapasa nguo. "Mpya kabisa! Iweke, itatufaa safari ijayo."

Lefagoy alichukua kisu, akaikata vipande viwili mbele yake. Nguo iliyokatwa haipelekwi kwa wazazi. "Haya, Mjomba. Ipeleke."

Nusu moja aliifukia kaburini kwa mama yake. Nusu ya pili ndiyo tuliyomfunika nayo juzi, na haikufika magotini. Nyumbani kwa mkuu kulikuwa na nguo nzima kumi na mbili, zimefungwa tayari kwa safari ya Yap. Sote tulizijua. Hakuna aliyethubutu kuomba hata moja, nami nikiwemo.