Siku Niliyochezesha Mdomo Kwenye Mazishi ya Wekesa

Sijawahi kusimulia jambo hili kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila nikifika katikati uso huniwaka moto nikatafuta kisingizio cha kuinuka, lakini leo nimekaa, na mkitaka kucheka chekeni, maana wengi walishanicheka hapa Eldoret, na wale ambao hawakuwepo waliniona kwenye simu.

Mimi na Wekesa tulikuwa wawili tu. Watu walituita kikundi, lakini kikundi chenyewe kilikuwa yeye, mimi, na kompyuta yake ndogo iliyoshikiliwa na utepe pembeni. Hatukuwa na mpiga gitaa wala mpiga ngoma. Tulikwenda harusi za Cheptiret, tulikwenda harambee za makanisa mpaka Timboroa kwenye ile baridi inayokufanya uimbe huku meno yakigongana, na muziki wote ulitoka kwenye spika, sisi kazi yetu ni kuweka sauti juu yake. Wekesa ndiye aliyejua mambo hayo, alifanya kazi kwenye duka la kuchapisha karatasi mjini. Mimi nabeba magunia ya mahindi kwenye stoo, shule niliachia darasa la nane, na kompyuta hadi leo naigusa kama mtu anayegusa sufuria iliyo motoni.

Kila wimbo wetu alikuwa ameutengeneza mara tatu. Kulikuwa na wa ala tupu, ambao tuliimbia wote wawili. Kulikuwa na wenye sauti yake ndani, kwa sababu kifua chake kilikuwa kibovu tangu utoto na siku nyingine kilimbana hata kuongea ni shida, basi siku hiyo yeye alichezesha mdomo tu na mimi nikaimba kweli. Na kulikuwa na wenye sauti yangu, wa siku nikishikwa na mafua. Sheria yetu ilikuwa moja, kwamba lazima mmoja aimbe kweli.

"Mmoja akiimba huo si uongo," Wekesa alikuwa akiniambia, "huko ni kubebana."

Na hakuna mtu aliyewahi kutugundua, miaka yote ile.

Kifua ndicho kilichomchukua. Aliingia hospitali Jumatatu akitembea, Alhamisi nikapigiwa simu. Mama yake alikataa mwili upelekwe Bungoma kwa wazee, akasema atamzika Kiplombe, kwenye ile ploti aliyoinunua kwa kuuza maharagwe sokoni, ili akifungua mlango asubuhi amwone. Wazee walinung'unika, halafu wakakubali.

Sasa huyu mama hakuupenda sana muziki wetu wa spika. Yeye alikuwa mtu wa kwaya, watu ishirini na kayamba. Siku moja kabla ya mazishi aliniita jikoni, moshi umejaa, wanawake wanamenya viazi, akanishika mkono.

"Barasa, kesho utaimba ule wimbo wenu wa safari."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini uimbe na mdomo yako. Mimi nataka kusikia sehemu yako peke yake. Ile ya Wekesa nitaijaza mwenyewe hapa." Akajigusa kifuani. "Sina ombi lingine kwa mtu yeyote."

"Nitaimba, Mama."

Na nilimaanisha, Mungu anajua.

Lakini nilikuwa nimekaa matangani siku nne, moshi wa kuni, baridi, na kulia (mimi si mtu wa kulia mbele za watu, nilikuwa nalilia nyuma ya tangi la maji), na asubuhi ya mazishi nilipofungua mdomo kumsalimia jirani ilitoka hewa tu. Nilikunywa maji ya moto yenye tangawizi, nikatafuna limau na maganda yake, nikaenda kando ya shamba kujaribu ubeti wa kwanza, ikatoka sauti kama ya mlango wa banda la kuku. Ningemwendea mama pale pale nikamwambia, Mama, sauti imeisha. Ilikuwa hatua ishirini kutoka nilipokuwa. Badala yake nikakumbuka ule wa safari wa aina ya tatu, wenye sauti yangu mimi mwenyewe, nikajiambia kwamba si ni mimi yule yule, atasikia sehemu yangu kama alivyotaka, tofauti iko wapi? Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo tu, haukuchukua dakika moja. Nikampelekea mwenye spika kompyuta ya Wekesa, nikamwonyesha kwa kidole, nikamnong'oneza, weka huu, na usimwambie mtu.

Jambo moja nililisahau, na sisemi hivi ili mnihurumie, nilisahau kabisa.

Ule wimbo wa safari huanza polepole, beti mbili, halafu ngoma inafunguka, na hapo ndipo Wekesa alipokuwa akichangamsha watu. Lakini kwa kile kifua hangeweza kucheza na kupiga kelele kwa pamoja. Basi alirekodi zile kelele zake nyumbani, akiwa ameketi, akaziweka kwenye aina zote tatu za wimbo ule, na jukwaani ikifika pale alileta maiki mdomoni huku anaruka, ungeapa ni yeye. Mimi nilisimama kando yake miaka yote hiyo, na kichwani mwangu zile kelele zilikuwa zinatoka kwa Wekesa, hazikuwa zinatoka kwa spika. Wekesa hayupo, basi kelele hazipo. Ndivyo akili yangu ilivyohesabu.

Mjomba wake, aliyekuwa akiongoza ratiba, akaniita. Nikasimama karibu na jeneza na maiki mkononi. Mama alikuwa kiti cha mbele, amefumba macho. Muziki ukaanza, sauti yangu ikaja, safi, ya mwaka juzi, nami nikachezesha mdomo. Watu wakatikisa vichwa. Mwanamke mmoja akasema, "Ee, huyu kijana amejikaza." Mama alikuwa anatingisha mguu polepole, na niliona midomo yake inasogea, anajaza sehemu ya mwanawe kama alivyosema. Nikajiona nimepita.

Ngoma ikafunguka. Kwanza ilisikika pumzi, ile pumzi yake ya kuvutwa kwa shida, yenye filimbi ndani. Mama alifumbua macho hapo hapo, kabla ya neno lolote. Halafu spika zote mbili zikasema, kwa nguvu:

"Wapendwa, mko sawa? Kama bado unapumua, inua mkono juu nikuone!"

Watu mia tatu waligeukia jeneza. Mtoto akaanza kulia. Mtu mmoja nyuma akaangusha kiti. Na mimi, kwa mazoea tu, kwa sababu pale ndipo tulipokuwa tukifanya hivyo siku zote, nikainua mkono na kutabasamu. Kando ya jeneza. Nikatabasamu.

"Barasa, wape! Wape, Barasa! Leo hakuna kulala!"

"Zima!" Mjomba alipiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Mwenye spika alibabaika, akabonyeza kisichobonyezwa, wimbo ukarudi mwanzo, na sauti yangu ikaanza tena ubeti wa kwanza, tamu kabisa, wakati mdomo wangu umefungwa na maiki iko usawa wa kiuno. Hapo kila mtu akaelewa. Vijana waliokuwa wamesimama kando ya hema, simu zao zikiwa juu, wakashindwa kujizuia.

"Buda, kumbe alikuwa anachapa mdomo tu!"

"Kwa mazishi ya beshte yake, aki!"

Hatimaye mtu aling'oa waya. Nikageuka kumtazama mama, na hicho ndicho nisichoweza kukitoa machoni. Alikuwa amesimama, mkono wake umeinuliwa juu, umenyooka, kama mwanafunzi anayetaka aonekane na mwalimu. Aliambiwa anayepumua ainue mkono, na aliinua. Akabaki nao juu muda mrefu baada ya muziki kuzima, mpaka dada yake akaushusha taratibu.

"Ulikuwa unaimba?" akaniuliza. Hakuwa na hasira.

"Hapana, Mama," nikanong'ona.

"Basi imba sasa."

Nikajaribu. Ikatoka ile ya mlango wa kuku. Kuna waliocheka, kuna walioinamisha vichwa, na Mjomba akaninyang'anya maiki akisema, "Kaa chini, kijana, umeshatuaibisha ya kutosha." Kwaya ikaanzisha wimbo mwingine, mama hakuuimba, na jeneza likashuka. Sikutia hata udongo. Nilipitia kwenye ua nikatembea mpaka barabarani, na kabla sijafika mjini jamaa wa stoo alishanitumia ile video, na chini yake ameandika, "Bro, ni wewe?"

Kazini waliimba ubeti wa kwanza kila nilipoingia, mikono juu. Hilo nilistahili na nililivumilia.

Nilikaa majuma matatu ndipo nikapata moyo wa kurudi Kiplombe kuomba msamaha. Nilimkuta mama nje anachambua maharagwe kwenye ungo, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, lakini akanisogezea kigoda. Aliniuliza kama nimekula. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Wanakutukana, lakini mimi nimefikiria sana, Barasa. Wekesa alijua anaenda. Ndiyo maana akakuachia ile sauti uniletee, anitazame kama bado napumua. Na wewe ukanyamaza kwa sababu alikuambia unyamaze. Si ndiyo?"

Ona jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Ningesema ndiyo, Mama, na ningekuwa mtu mwema tena, hata Mjomba angenipa mkono. Lakini nilikuwa nimekuja na aibu ya kudanganya, nimeibeba kwa majuma matatu, na nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitamdanganya huyu mama mara ya pili.

"Hapana, Mama," nikasema. "Nilisahau tu kwamba iko. Alirekodi kwa ajili ya harusi. Ni makosa yangu."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine.

"Mikono juu ilikuwa ya watu wa harusi."

"Ndiyo, Mama."

Akautikisa ungo mara mbili, akauweka magotini.

"Hiyo ungeninyamazia, Barasa," akasema. "Hiyo moja tu."

Akainuka na ungo wake akaingia ndani, na hakutoka tena, nami nikakaa pale kwenye kigoda kama mtu anayesubiri chai, mpaka nikaona afadhali niondoke.

Sijashika maiki tangu siku hiyo. Nimeapa kwamba nikiulizwa kama nina sauti na sina, nitasema sina, mbele ya kila mtu, na waniite mwoga wakipenda. Hicho ni kiapo chepesi, mtu yeyote anaweza kukishika. Lakini kuhusu siku ile ya maharagwe nimefikiria sana, nikiwa na gunia mgongoni na nikiwa sina, na mpaka sasa sijajua niape nini.