Kidole cha Mbok Wagiyem

Kwa miaka thelathini Mbok Wagiyem, mbok kwetu ni mama, alikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, nyuma ya ukumbi wa kijiji chetu, na hakuna mkutano uliomkumbuka ila chai ilipochelewa. Sisi wanaume wa Java tunajisifu kwamba hatupigi kura, tunakubaliana. Mwenyekiti huuliza, na anayenyamaza amekubali. Tunaliona jambo zuri sana hilo.

Mwaka ule likaja agizo kwamba wanawake nao waketi mkutanoni. Mimi, karani, nikamfuata jikoni.

"Mbok, njoo mkekani. Leo na wewe ni mtu."

Nilidhani natania.

Alikuja mbio, mikono ikinuka vitunguu saumu. Alikuwa na neno moja tu: barabara mpya isipite makaburini, maana mwanawe Ratmi, aliyefariki akiwa na miaka sita, amelala palepale. Mlangoni nikampaka wino, akaweka kidole kwenye orodha ya waliohudhuria, daftarini mwangu.

Alipopewa nafasi alianza na Ratmi mwenyewe: alivyopenda ukoko wa wali, alivyoogopa radi. Kisha akalia.

"Mbok, hapa tunaleta hoja," akasema Pak Darmo, mwenyekiti. "Machozi kalilie nyumbani."

"Mpeni leso, chai itaingia chumvi!" mwingine akadakia.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Mbok Wagiyem akanyamaza.

"Barabara ipite, tumekubaliana?"

"Tumekubaliana!"

Nikaandika: wote wamekubali, wanawake wakiwemo.

Mwezi uliofuata makaburi yakahamishwa. La Ratmi, dogo, lisilo na jiwe, halikuonekana, na tingatinga likapita. Mbok Wagiyem akaja ofisini kwangu, kandambili mkononi, miguu imejaa udongo mwekundu.

"Mas Giman, wewe si uliandika yote? Jina la mwanangu limo?"

Nikafunua daftari kama mtu asiyejua kilichomo.

"Limo, Mbok."

"Wapi? Nioneshe, nami niliguse."

Hakujua kusoma. Nikamshika mkono, moyo ukiniuma kuliko siku niliyomzika mama yangu, nikakiweka kidole chake juu ya alama yake mwenyewe ya wino. Akaipapasa taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Dogo hivi," akasema. "Ndiye."