Unga wa Mawe Matatu

Zuleha wa Ujiji ni mtu wa msimamo, na haoni haya kuusema. Asubuhi anaanika dagaa mwaloni, kando ya ziwa, alasiri anawasomesha wanawake wa mtaani Kurani. Harufu ya shirki, ya kumshirikisha Mungu na kitu kingine, anaipata mapema kuliko paka anavyopata ya dagaa.

Mama yake, Bi Asia, ni Mtongwe wa kusini, aliyezaliwa chini ya Nkungwe, kilele kirefu cha milima ya Mahale. Milima ile inapanda kutoka ziwani moja kwa moja, misitu chini, mawingu juu, na wazee walisema ina mizimu yake. Msitu ulipogeuzwa hifadhi, watu wakahama. Bi Asia akaja Ujiji na mimba ya Zuleha tumboni na hadithi za mizimu kichwani. Tangu hapo ombi lake ni moja: apelekewe unga wa ulezi kwenye mawe matatu, nyuma ya nyumba yake ya zamani.

"Mama, mlima hauli unga," Zuleha humjibu. "Hiyo ni shirki."

Mwaka huu Bi Asia hainuki tena. Aliuchekecha unga akiwa ameegemezwa mto, akaufunga kwenye kitambaa cheupe, akalia. Zuleha akashindwa kukataa. Akapanda boti, lakini vilele vilipotokeza tu, alifungua kitambaa akaumwaga unga wote ziwani. Akapangusa mikono, roho kwatu. Hayo mawe angeyaona kwa macho, asije akamdanganya mama kwamba amefika.

Mjomba wake Hamdani, mdogo wa Bi Asia, alimpokea katika kijiji kinachopakana na hifadhi. Wakaingia hifadhini na askari mmoja. Nyumba haikuwepo. Ilibaki michikichi aliyopanda babu, na sokwe juu yake anakula chikichi bila habari na wenye mali. Nyuma ya hiyo michikichi kulikuwa na mawe matatu madogo, yamepangwa mstari usiofika hata hatua moja.

"Mizimu yenyewe ndiyo hii, mjomba?" Zuleha aliuliza kwa kejeli.

Hamdani alimkodolea macho. "Mizimu gani, mwanangu? Hapa amelala dada yako. Aliharisha siku tatu, akililia uji wa ulezi, na watu wakamkataza mama yako kumpa, eti utamzidishia. Akafa anauomba. Naye aliitwa Zuleha."

Zuleha akakaa chini kwenye majani mabichi. Jina lake lina kaburi! Na miaka yote hii yeye anauita uji wa mtoto shirki, tena mbele ya mama aliyemzika!

"Kwa nini hakuniambia?"

"Aliogopa utaliogopa jina lako. Akaona heri umdhanie anatambikia mlima."

Hamdani alichuchumaa, akayafuta mawe majani kwa kiganja, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Haya, lete uji wake," alisema, akakinga mikono miwili. "Amengoja sana."

Zuleha akatoa kitambaa mkobani. Kilikuwa kitupu, na mjomba bado amekinga mikono.