Nyaya Mbili za Mashine ya Skani

Mashine ya skani ya zahanati yetu ya Mtongwe ilianza kusumbua wiki ile ile mke wangu alipotakiwa kupimwa. Picha ilikuja, ikakatika vipande, ikajaa chenga. Mkunga akatushauri tuvuke feri tukapimwe hospitali ya kisiwani. Mke wangu akakataa katakata. Mimba yetu ya kwanza iliharibika, na habari hiyo alipewa huko ng'ambo. Hakutaka kusikia nyingine kama ile kwenye chumba kile. Basi mkunga akanigeukia mimi, fundi wa redio na televisheni, akaniomba nifungue nione.

Nikaifungua skrini kwa nyuma. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Kati ya chipu inayotuma picha na chipu inayoipokea hupita njia mbili nyembamba, na zote mbili zilikuwa zimeliwa. Mwisho wa njia hizo, rezista, kipingamkondo kidogo kama chawa, ilikuwa imeota kutu ya kijani.

Nikafanya kama tufanyavyo mafundi wa huku. Sisi twapenda kazi nadhifu. Mteja akifungua, asione nyaya zimekatiza juu ya bodi ovyo ovyo. Badala ya njia zilizoliwa nikatia nyaya: mmoja nikaupitisha moja kwa moja, wa pili nikauzungusha pembeni na kuubana vizuri. Rezista ile nikaing'oa nisiweke nyingine, maana kwenye redio nyingi kitu kama hicho ukikitoa mambo huenda. Picha ikaja, nikajisifu kimoyomoyo. Kisha ikaanza kutetemeka upya. Nilikasirika, wallahi, hasa kwa kuwa mke wangu alikuwa ameketi pale pale kwenye kitanda cha kupimia, mikono juu ya tumbo, akinitazama.

Nikajituliza. Njia hizo mbili hubeba ujumbe mmoja: huku ukipanda, kule unashuka, na chipu ya kupokea husoma tofauti iliyo baina yao. Waya mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, upande wake huchelewa, na usomaji huharibika. Na pasipo rezista ya kuumaliza ujumbe ufikapo mwisho, hurudi ulikotoka na kugongana na ule unaokuja. Unadhifu wangu ndio uliokuwa ukiharibu kazi. Nikazing'oa nyaya zile, nikakata nyingine mbili fupi zenye urefu sawa, nikazisokota pamoja, nikazipitisha katikati ya bodi, zionekane vibaya zitakavyo. Rezista ya kiwango kile kile niliitoa kwenye bodi ya televisheni mbovu iliyokuwa mkobani, nikailehemu karibu kabisa na chipu ya kupokea.

Mkunga akampaka mke wangu jeli tumboni, akaanza kupima. Mimi nikakodolea macho pembe za skrini, pale chenga zilipokuwa zikianzia. Pembe za juu zilikuwa zimetulia. Za chini pia. Nikahisi mke wangu akinivuta shati.

"Mbona humtazami mwanao?" akaniuliza. "Moyo wapiga huo, hapo katikati."

Nikatazama katikati. Tangu asubuhi nilikuwa nikiogopa kutazama hapo.