Viti vya Mama Faruk

Mawazo wa mtaa wa Buyenzi hakuwahi kumwacha mgeni asimame. Ukipiga hodi kwake, hata kama ni kuomba chumvi tu, utakalishwa kwanza, utaulizwa habari za nyumbani, ndipo chumvi ije. Mumewe Amissi, fundi wa magari, alipenda kumtania kwamba siku Izraili atakapokuja kumchukua yeye Amissi, atacheleweshwa mlangoni na Mawazo akitafutiwa kiti.

Mwaka 2003 Izraili alianza kuchungulia. Amissi alikwenda kutengeneza lori lililokwama njia ya Gatumba, wenye bunduki wakalishambulia, na kipande cha chuma kikamwingia chini ya goti. Mwanzoni walikiona kidonda cha kupona. Mawazo akauza kitanda apate pesa ya dawa, kisha kabati, kisha redio, na mwisho vile viti vinne vya mbao ambavyo Amissi alimtengenezeshea kwa seremala wa Cibitoke mwaka waliooana. Vilinunuliwa na Fatouma, jirani wa ukuta kwa ukuta, tena kwa bei iliyozidi thamani yake, maana Fatouma alikuwa anaficha sadaka ndani ya biashara. Nyumba ikabaki na mkeka, sufuria na ndoo.

Mguu ukaoza. Hospitali ikasema ukatwe upesi kabla sumu haijapanda, lakini hautakatwa mpaka gharama ilipwe au iletwe kadi ya umasikini. Kadi ilitolewa na ofisi ya msaada, na ofisi haikutoa mpaka mtu wake afike nyumbani aone kwa macho. Mtoto wao wa pekee, Faruk, alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira tangu vita vianze, na hakusikika tena. Mlango mwingine wa kubisha haukuwepo.

Sasa nikwambie jambo ambalo mji mzima ulilijua. Mtu wa ofisi akitarajiwa, vitu vilihama. Magodoro yalilala kwa shangazi, baiskeli ikaenda kutembea, na wengine walikuwa na matambara waliyoyatunza kabatini kwa ajili ya siku hiyo tu. Mawazo hakuwa na la kuficha. Angekaa kwenye mkeka wake na kunyamaza, nyumba ingemsemea. Lakini aliona haya kumwambia Fatouma kwamba anaomba kadi ya umasikini. Alisema tu kuna mgeni anakuja kutoka ofisini, kwa ajili ya mguu wa Amissi.

Fatouma hakuuliza zaidi. Asubuhi alileta meza na kitambaa chake cha kufuma, chupa ya chai ya maziwa, sahani ya sambusa, na vile viti vinne, amevifuta mpaka vinang'aa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, akavipanga. Mawazo alivitazama vikiingia. Alijua havifai kuwa mle siku ile. Lakini mtu anayekuja kumwokoa mumeo utamkalisha wapi, chini?

Madamu Odette wa ofisi ya msaada hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemtukana nikapumzika. Alikuwa mama aliyechoka, viatu vimejaa vumbi, ambaye juma lile alikwisha kudanganywa karibu kila nyumba. Alikaa, akanywa chai, akaisifu. Kisha akapitisha mkono juu ya mbao ya kiti.

"Mama, hizi viti ni zako?"

Fatouma alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Kusema kweli pale kulikuwa ni kusema yote mbele yake: kwamba nimeazima, kwamba sina, kwamba naomba. Mawazo alifungua kinywa, na ulimi uliokwisha kuzoea jibu moja tangu ndoa yake ukalitoa lile lile.

"Ndiyo, Madamu. Ni zangu. Bwana yangu ndiye alinitengenezeshea."

Odette akaandika. Akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Jibu lilikuja kwamba hastahili, na kwamba anaweza kuomba tena baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu, kwa mguu ule! Mawazo alikwenda ofisini mbio, akaeleza kila kitu, haya zote amezitupa barabarani. Karani akamwambia kwa upole kwamba kila siku huja watu kusema vitu vilivyoonekana kwao ni vya jirani. Akaomba kumwona Odette. Odette alimsikiliza mpaka mwisho, akainamisha macho.

"Mama, mi nilikuuliza. Ulinijibu wewe mwenyewe."

Fatouma alipojua alilia kama aliyefiwa. Akazunguka mtaani kuvitafutia viti mnunuzi, asimpate. Nani anunue viti wakati watu wanafunga mizigo kukimbia? Na Amissi, alipohadithiwa kitandani hospitali, aliuliza kama ile chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Mawazo alitoka nje ya wodi akalia hadi akakosa pumzi. Afadhali angemgombeza.

Homa ilimchukua Amissi siku ya Ijumaa. Walimzika jioni ile ile, mguu wake bado uko mahali pake.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini walikuta viti vinne vimepangwa mbele ya nyumba, na vingine vya kuazima pembeni yake. Kufa kufaana. Fatouma aliingia ndani, akapiga magoti kwenye mkeka karibu na mfiwa.

"Mama Faruk, zile nne zibaki kwako. Sitaki pesa. Nimekurudishia, ni zako."

"Apana, dada," Mawazo alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanaume wa nje. "Si zangu. Mi sina kitu."

Baadaye wakaingia wanawake kutoka Cibitoke kutoa pole, wakasimama mlangoni wakingoja. Mawazo aliwaona, akageuza uso ukutani, wala hakumwambia mtu karibu, kaa.