Maganda Mabichi Juu ya Paa

Ilianza Jumamosi, saa nne unusu asubuhi, juu ya paa la fleti yetu mtaani Umoja, saa ambayo kila mtu mwenye akili huwa anaanika nguo. Mimi nilikuwa nawasha moto.

Mwalimu wa kemia alikuwa amesema nikifaulu kutoa gesi safi kutoka kwa takataka, nitawakilisha shule kwenye mashindano ya sayansi. Jumatatu nimwonyeshe. Mimi, ambaye rejista ikiitwa huitikia kwa sauti ya mbu.

Nilichukua unga wa mbao kutoka kwa baba, ambaye huchonga vinyago, nikauchoma pamoja na mvuke kidogo wa maji ndani ya mkebe wa rangi. Moshi ulipaswa kupita kwenye bomba lililopashwa moto, lenye maganda ya mayai yaliyosagwa. Maganda yashike hewa ya kaboni na ile lami inayonata, ibaki gesi yenye haidrojeni nyingi, iwake bila masizi. Nilipewa maganda na jirani wa chini, anayeuza mayai ya kuchemsha kwenye steji ya matatu.

Nilikuwa nimeyaosha, nikayaanika, nikayasaga. Kama yalihitaji kitu kingine sikujua, na kumwuliza mwalimu darasani kungemaanisha kuongea darasani.

Bomba likatoa moshi wa manjano, mzito kama uji, ukaenda moja kwa moja kwenye mashuka ya jirani huyo huyo.

Alipanda na beseni. Akatazama mashuka, akanitazama.

"Kumbe hii ndiyo kazi ya maganda yangu?"

"Ni gesi safi, mama."

"Safi." Akanusa shuka. "Na ile chafu inakaaje?"

Wanawake wa kamba ya pili walicheka. Nami nilikuwa natafuta namna ya kuingia ndani ya mkebe.

Jioni, baada ya kuyafua upya mashuka yake, nilimwandikia mwalimu kwa simu ya mama yangu. Akajibu: "Uliyachoma kwanza, yakawa chokaa?"

Sikuwa nimeyachoma. Yakiwa mabichi hayashiki chochote.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kanisa, nilibisha kwa jirani nikiwa nimebeba mashuka. Sentensi yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi ngazi zote.

"Mama, naomba maganda mengine. Na jiko lako la makaa. Sisi tunapikia gesi."

"Wewe unaongea, kumbe. Jiko la nini?"

Nikamweleza yote, kwa sauti. Akaepua sufuria ya mayai.

"Leo naanika ndani," akasema.

Nikamwaga maganda kwenye bati, nikaliweka juu ya makaa, nikaanza kupepea.