Blanketi la Sufu Linafuliwa Polepole

Siku yangu ya kwanza kazini, Masera hakuniruhusu hata kugusa mashine. Huyu Masera alikuwa mtawa wa Kikatoliki na ndiye mkuu wa buandri, chumba cha kufulia nguo za hospitali. Alinipa blanketi kavu nilibebe mpaka uani na kulirudisha. Nikalibeba huku nacheka moyoni. Kisha akalitumbukiza kwenye beseni la maji, akaniambia, "Sasa beba tena." Jamani! Nilifika nalo mlangoni tu, nikalitua, mgongo unaniuma na viatu vimejaa maji.

"Njo uzito mashini inabeba," akaniambia, yaani huo ndio uzito wenyewe. "Wewe umebeba mara moja, umechoka. Yeye anazungusha asubuhi muzima. Ukimujaza mpaka mudomo, umemuua."

Nawaambia hili ninyi vijana mnaoingia buandri leo, kwa sababu nasikia mnasema kazi yetu ni kubonyeza kitufe na kukaa kutazama simu. Aka, msinichekeshe. Kitufe anabonyeza hata mtoto. Kazi ni kujua ubonyeze kipi, na hiyo huijui mpaka ushike nguo kwa mikono yako.

Hospitali yetu ilikuwa juu katika milima ya Masisi, na huko juu baridi haina msimu. Ukungu unakaa kwenye malisho mpaka jua lipande, wachungaji wanavaa makoti mazito mwaka mzima, na mgonjwa anakuja na blanketi lake mgongoni kwa sababu anajua ya hospitali ni mepesi. Kwa hiyo mashine zetu mbili zilikula vitu vizito tu. Shuka za pamba tulizipa digrii sitini, na zenye matapishi au kuhara tisini bila huruma. Damu ilianzia maji baridi, maana moto unaipikia ndani ya kitambaa na haitoki tena. Makoti yenye sponji ndani yalipata arobaini na kusuuzwa mara mbili, kwani sponji inaficha sabuni.

Sufu sasa, hiyo ni nywele za mnyama. Haipendi moto na haipendi kusukwasukwa. Ukiipa vyote viwili, nywele zinashikana, blanketi la watu wawili linatoka la kumfunika paka. Programu ya sufu ni digrii thelathini. Ngoma, yaani lile pipa la ndani linalozunguka, linabembea tu huku na huku, na mwishoni kukamua kunakuwa kwa mwendo mdogo. Tena unaliweka blanketi moja peke yake, basi. Ni programu ndefu, inachosha kuisubiri, na watu wengi wanairuka kwa sababu hiyo.

Masera alikuwa na desturi moja iliyotutisha sote. Kabla shuka haijakunjwa, aliinua na kuinusa. "Kazi yetu ni kutosha muntu mu nguo," alisema, yaani kumtoa. "Mugonjwa wa kesho asijue nani alilala hapa jana. Ukisikia harufu ya muntu, rudisha mu mashini." Alinirudishia nyingi, na nilimchukia kwa miezi. Baadaye pua yangu ikawa kali kuliko yake, na nilijivuna sana. Ningeweza kukwambia shuka imelaliwa na mvuta tumbaku au mama mwenye kunyonyesha. Nikimaliza nayo, nilikuwa nanusa sabuni na jua tu.

Kisha wakanihamishia Walikale. Kule chini msituni ni joto, mvua juu ya mvua, na adui ni koga kwenye nguo zisizokauka. Blanketi zito nililiona mara moja tu. Shoferi wa gari la wagonjwa alikuja nalo kutoka juu na makoti yake mawili, nami niko mezani nakula. Akajaza vyote mwenyewe, akabonyeza kukamua kwa mwendo wa mwisho. Mzigo ukaegemea upande mmoja, mashine ikaanza kuruka, ikatembea mpaka katikati ya chumba na kung'oa bomba lake. Tulimkuta amesimama juu ya kiti, maji yanapita chini.

"Papa, mashini yenu iko na shetani!" akapiga kelele.

"Shetani ni wewe," nikamwambia, na Msimamizi wa hospitali, mtu asiyecheka hata kwenye harusi, siku hiyo alicheka mpaka akashika ukuta. Hicho ndicho kicheko kikubwa ninachokumbuka katika kazi yangu yote. Mengine ninayokumbuka hayachekeshi.

Walinirudisha Masisi kuwa mkuu wa buandri. Masera alikuwa amezeeka, amekwenda kupumzika kwenye nyumba ya watawa, na barua ya kunikabidhi funguo aliiandika Msimamizi wa huko Masisi. Ilikuwa miaka ya vita kama hii tuliyo nayo. Wagonjwa wengi walikuwa watu waliokimbia makwao, na blanketi ndilo lililobaki la nyumba nzima.

Mama Sifa alitoka Kibabi, mkulima, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Binti yake Sifa, mtoto wa kubebwa mgongoni, aliletwa na kichomi, akipumua kwa mbavu. Dawa zilimshika vizuri. Akaanza kula uji, akaanza hata kuwapigia wauguzi kelele. Lakini alikuwa na upele pia, na wadudu wa upele wanalala ndani ya vitambaa, kwa hiyo sheria ilikuwa moja: mtoto hatoki kabla blanketi lake halijapita buandri. Daktari alimwambia mama waziwazi, mbele yangu, "Mama, muchunge na baridi. Kifua chake haijapona muzuri. Baridi ikirudi mule, hatutamuweza."

Mama Sifa aliniletea blanketi mwenyewe. Lilikuwa sufu nzito, kijani na kahawia, la zamani. Kwetu, mahari ikitolewa, mama wa bibi harusi anapewa blanketi kwa ajili ya yale aliyokojolewa na binti yake alipokuwa mdogo. Hili alipewa mama yake siku ya mahari ya Mama Sifa, na alipokaribia kufa akamwachia.

"Papa, naomba isikuwe ndogo," aliniambia, akiwa bado amelishika. "Njo nyumba yetu hii. Tunalala mule wawili."

Nilikuwa na njia mbili. Tisini na mzunguko wa haraka: wadudu wamekufa, kazi imekwisha upesi, na blanketi limekuwa mkeka mgumu usiofika hata miguuni. Thelathini ya sufu isingewaua wadudu. Dawa ya klorini tusiiseme kabisa, inakula sufu. Lakini Masera alinifundisha njia ya tatu: maji ya sitini, ngoma ikae kimya kabisa, blanketi liloe tu, kisha unayapoza maji kidogo kidogo ili sufu isishtuke, ndipo unasuuza kwa kubembea. Inakula karibu nusu siku.

"Litatoka kama lilivyo," nikamwambia. "Ila itachukua muda. Utangoja?"

"Nitangoja, Papa."

Akakaa kwenye benchi nje ya dirisha langu, Sifa mgongoni katika kitenge. Mtoto alikuwa akipiga kioo kwa kiganja kila nikipita.

Maji yalikuwa bado yamejaa ndani, yanaanza kupoa, milio ya bunduki iliposikika upande wa juu. Si mbali. Kisha umeme ukakatika. Ule umeme ulitoka kwenye mtambo mdogo mtoni, na ukikatika hivyo ujue mlinzi wa mtambo ameshakimbia. Mashine ikanyamaza. Na mashine ya aina ile, ikiwa na maji ndani, mlango wake wa kioo unajifunga wenyewe. Huwezi kuufungua hata ukivuta kwa mguu.

Muuguzi mkuu alipita korido akipiga makofi. "Batu bote batoke! Njia ya Sake! Mubebe bagonjwa!" Majeruhi waliondoka na mablanketi yote makavu ya kabatini, mlango wa kabati ulikuwa wazi na ndani hamna kitu. Mimi nilikuwa chini sakafuni, nimefungua kijibomba cha dharura, na maji yanatoka membamba, membamba, wakati ngoma nzima imejaa.

Mama Sifa akaja akasimama nyuma yangu. Tuliliona blanketi lote, limejikandamiza kwenye kioo.

"Vunja," akasema.

"Hata nikivunja, Mama, limelowa. Hulibebi. Na bichi halimfuniki mtoto."

"Vunja, Papa! Atalala mu nini?"

Nilivua koti langu la kazi, pamba nyepesi ya bluu, nikamvika mtoto juu ya kitenge. Muuguzi mkuu akamshika mama mkono akamvuta. Alikwenda kinyumenyume, macho kwenye mashine, mpaka mlangoni. Nje mvua ilikuwa imeanza.

Mlango ulifunguka watu wote wameshapita. Nilikamua blanketi kwa kulizungusha kwenye nguzo, nikajitwika, nikateremka njia ya kwenda mji wa Sake nikimwita. Njia ilikuwa imejaa watu, na kila mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni. Sikumpata.

Hospitali ilipofunguliwa tena, nilimaliza kazi niliyokuwa nimeianza. Nililowesha upya, nikasuuza, nikakausha kivulini. Lilitoka sawasawa na lilivyoingia, laini, upana ule ule. Katika miaka yangu yote sikuwahi kufua kitu vizuri namna ile. Nililinusa kama nilivyofundishwa: safi kabisa. Nikaliweka kwenye rafu ya juu.

Alikuja siku moja asubuhi, peke yake. Mgongoni hakukuwa na kitenge. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Baridi njo ilimubeba," alisema. "Tulilala inje, kule juu ya Sake. Asubuhi alikuwa hapumue tena."

Nikamshushia blanketi. Alilikunjua, akalipima kwa mikono, akaona halijapungua. Kisha akazika uso ndani yake. Akavuta pumzi. Akageuza upande mwingine, akavuta tena. Akatafuta kona, pale kichwa cha mtoto kinapokaa, akavuta tena kwa nguvu.

"Umeosha muzuri, Papa," akasema mwishoni. "Iko inanuka sabuni tu." Akalikunja, akanishukuru, akaenda nalo. Niliingia nyuma ya mashine nikalia kama mtoto.

Sasa nimestaafu. Walinipa kuku wawili na hotuba ndefu. Sufu nawaachia: thelathini, peke yake, polepole, na yenye upele, kama nilivyoeleza. Mashine zenu ni mpya, zitawasaidia kukumbuka. Lakini kuna jambo moja nililifanya kuanzia siku ile mpaka siku ya kutoka, na halimo kwenye vitufe. Mtu akikuletea nguo ya mtoto wake, usiitupe ndani mara moja. Mpe kwanza aishike, umwambie, "Mama, nusa." Wengi watakucheka, watasema mzee amechanganyikiwa, mtoto si huyu hapa mgongoni, mzima? Waache wacheke. Ngoja anuse, ndipo ufunge mlango.